Pita Mbele, Nikuone

Mvua ya Bukoba haina adabu. Ilimkuta Vestina katikati ya soko, mkono mmoja umeshika mfuko wa dagaa, mwingine umeinua gauni lisiguse matope. Watu wote walikimbilia upenu mmoja, kana kwamba mji mzima una upenu huo tu. Wauza ndizi waliburuta mikungu yao chini ya maturubai. Mwuza nyanya mmoja alibaki kwenye kigoda chake, amejifunika beseni kichwani, anasubiri ipite.

Vestina hakwenda upenuni. Watu walikuwa wamebanana mabega kwa mabega, na yeye tangu aliporudi kutoka India hakuwa tena mtu wa kubanana. Alisimama palepale akalowa. Mara mvua ikakoma juu yake peke yake.

Aligeuka kwa nguvu hata mfuko ukapasuka. Nyuma yake, karibu kabisa, alisimama mwanaume mrefu mwenye shati la drafti, ameshika mwavuli wa rangi ya chungwa. Dagaa walimwagika wote kwenye tope, na kiwiko cha Vestina kilikuwa kimekwisha kumpata yule mwanaume mbavuni.

"Dada," alisema mwanaume, akijishika ubavu, "nimewahi kupigwa na kasia, nimepigwa na teke la ng'ombe. Kiwiko cha leo kimezidi vyote."

"Usisimame nyuma yangu."

"Nimekuletea mwavuli."

"Basi ungeuleta kwa mbele. Pita mbele, nikuone."

Mwanaume akamzunguka, akasimama mbele yake huku mkono wenye mwavuli ameunyoosha, yeye mwenyewe sasa analowa.

"Haya, umeniona. Naitwa Mhoja. Na hao dagaa uliowamwaga ni wangu, nilimuuzia asubuhi yule mama uliyenunua kwake. Wamesafiri kutoka Bumbire, ziwa lote lile, waje kufia kwenye tope la sokoni."

"Walikuwa wamekwisha kufa."

"Ndiyo maana inauma. Wamekufa mara mbili." Akamtazama kuanzia kichwani mpaka chini. "Samahani, Dada. Gauni zuri namna hiyo, halafu raba za mbio. Unakwenda harusini au mashindanoni?"

Vestina akazitazama raba zake nyeupe, kamba zimefungwa fundo mara mbili. Alitaka kukasirika. Badala yake akacheka, kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe, maana kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu bila kutoka.

"Nakwenda kazini," alisema. "Na mwavuli wako naomba."

Kazi yenyewe ilikuwa duka la dawa, mtaa wa pili kutoka sokoni. Vestina alikuwa binti wa Ta Rwegasira wa Izimbya, na Izimbya nzima ilimjua kwa kuwa ndiye aliyekwenda Pune, India, kusomea ufamasia. Baba yake aliuza kipande cha shamba la kahawa ili aende. Kisha akarudi akiwa amebakiza muhula mmoja tu, na hakusema kwa nini. Wahaya wanajua shahada za majirani zao kuliko wanavyojua majina ya mbuzi wao. Mtu asiyetoa maelezo, hutolewa maelezo. Wengine walisema amefeli. Wengine walisema alipata mimba ya Mhindi. Baba yake hakusema kitu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Vestina akahamia Kahororo kwa shangazi yake, Ma Georgina, mwalimu mstaafu, akapata kazi ya kuuza dawa alizokuwa anajua kuzitengeneza.

Kila siku aliondoka dukani jua likiwa bado juu. Alipita njia zenye watu, na katika njia hizo masikio yake yalisikiliza miguu ya walio nyuma. Mtu mmoja nyuma, alipunguza mwendo ampite. Watu watatu nyuma, aliingia dukani akajifanya anauliza bei ya sabuni.

Mhoja alikuja kudai mwavuli wake. Akasahau kuondoka nao, akarudi tena kuudai. Alikuwa Msukuma wa Magu, aliyekuja visiwa vya Muleba akiwa kijana wa kuvuta nyavu, na sasa alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Akiwa kisiwani alipiga simu kila alipopanda kwenye jabali lenye mtandao.

"Mfamasia wangu, nina homa."

"Homa ya nini?"

"Ya kutokukuona tangu Jumanne."

"Kunywa maji mengi."

"Dozi ndiyo hiyo tu?"

"Na upunguze kuongea."

"Mpenzi, hiyo dawa ni chungu. Huna ya watoto, ile yenye sukari?"

Msimu wa senene ulipofika, Ma Georgina alikaanga sahani nzima, na Mhoja akakaribishwa Kahororo kwa mara ya kwanza. Alikaa kwenye kiti, suruali imenyooka, akawatazama senene, nao wakamtazama.

"Vestina, hawa ni panzi."

"Panzi ni wa kwenu Magu. Hawa ni senene."

"Wana macho."

"Na dagaa wako je, vipofu?"

Ma Georgina alicheka mpaka akavua miwani. Mhoja alitafuna mmoja, akatulia, akachukua wa pili, na baadaye ikabidi sahani iondolewe mbele yake. Ma Georgina akamletea kibakuli cha kahawa za kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa, kama apewavyo mgeni anayeheshimiwa. Vestina aliona, akainamisha uso.

Jumapili walitembea kando ya ziwa baada ya misa. Jambo moja tu Mhoja hakulielewa. Hakuwahi kuruhusiwa kutembea nyuma, hata hatua moja. Akibaki nyuma kufunga kamba ya kiatu, Vestina alisimama akamgeukia mpaka amalize.

"Tangulia tu," alimwambia kila mara.

"Watu wanasema Msukuma anatembea mbele kama mtemi, mwanamke anamfuata na mkoba. Wananicheka mimi, mpenzi, si wewe."

"Wacha wacheke."

Alidhani ni maringo ya Kihaya. Alipenda kila kitu chake, akaamua kuyapenda na maringo.

Simu ilianza mwezi wa tatu. Namba ilianza na tisini na moja, ya India, na ilipolia Vestina aliinuka, akaenda mbali, akaongea Kiingereza kwa sauti ya chini mgongo ukiwa ukutani. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani huyo?" Mhoja aliuliza safari ya kwanza.

"Chuo. Mambo ya cheti."

Safari ya pili hakuuliza. Safari ya tatu walikuwa wamekaa kwenye mgahawa, chapati zimefika, na Vestina akaacha chakula chake akatoka nje.

Aliyepiga alikuwa mwanamke, wakili aitwaye Sunanda. "Kesi imepangwa," alisema. "Mama Lata amekubali kuja. Lakini akija peke yake watamvuruga kwa maswali. Watasema ni mwuza bajia, macho yake mabovu, taa ya uchochoroni ilikuwa imeungua. Nauli tutatuma sisi. Vestina, bila wewe watatoka."

"Nitafikiri," Vestina alijibu, kama alivyojibu mara mbili zilizopita.

Mambo yenyewe hakuwa amemwambia mtu yeyote chini ya mbingu ya Kagera. Jioni moja huko Pune kulitokea tishio la bomu stesheni ya treni. Mtu aliona mfuko umeachwa chini ya benchi, na mwaka huo watu wa miji ile waliogopa mifuko kuliko nyoka. Mabasi yalisimamishwa. Askari wote wa mtaa walikimbilia stesheni. Vestina na rafiki yake Kezia, msichana wa Mbeya aliyekuwa akisoma naye, wakaamua kurudi hosteli kwa miguu, kwa kuwa kulikuwa bado na mwanga. Uchochoroni wanaume watatu walianza kuwafuata. Walianza kwa kucheka. Ndicho alichokikumbuka zaidi, kwamba kilikuwa kicheko cha watu wanaocheza. Kezia alimnong'oneza, "Usigeuke, tembea tu." Kisha wakamshika Kezia mkono, naye alikuwa mtu wa kukataa, akakataa. Kisu hakukiona. Alisikia tu sauti ya Kezia ikibadilika, akakimbia. Mlango mmoja ulifunguka, mkono wa mama Lata, mwuza bajia mzee, ukamvuta ndani, na mzee yuleyule akatoka nje na upawa wa kukaangia bajia, mafuta ya moto yakichuruzika, akipiga kelele mpaka wale watu wakatawanyika. Alikuwa amechelewa. Kezia alifia hospitali bila kufumbua macho. Na ule mfuko wa stesheni, askari walipoufungua, ulikuwa na chakula cha mtu aliyekisahau.

Vestina alirejea mezani. Chapati zilikuwa zimepoa.

"Anaitwa nani?" Mhoja aliuliza taratibu.

"Nimekuambia ni chuo."

"Chuo kinakufanya ulie?"

"Mhoja, nakuomba."

"Mimi siyo mtoto. Mtu alikwenda India, akarudi ghafla, hataki kusema kwa nini, na huko nyuma yuko anayepiga simu kila wiki. Kama yupo, niambie yupo. Nitaumia, lakini nitajua."

Angeweza kumwambia pale pale. Lakini tangu arudi kila mtu aliyemtazama alitafuta kasoro machoni mwake, na huyu peke yake alimtazama akamwona msichana wa raba na kiwiko. Hakutaka kumpoteza mtu aliyemwona hivyo.

"Hayupo mtu," alisema, na ilionekana wazi kwamba anaficha.

Mhoja alinyamaza wiki nzima. Kisha akapiga kutoka jabalini, sauti imechangamka kupita kiasi. "Jumapili njoo Muleba, mwaloni kwetu, pale mitumbwi inapoegeshwa. Mtumbwi wangu mpya umepakwa rangi, nataka uuone kabla haujagusa maji. Na nina neno."

"Neno gani?"

"Likisemwa kwenye simu linachacha. Uje mchana, jua litakuwa bado kali. Najua hupendi giza."

Vestina alivaa gauni la kijani la kitenge, lililoshonwa mabega juu, na raba zake. Ma Georgina alimtazama kutoka mlangoni akasema, "Leo huyo mtemi anataka kuongea jambo la maana. Usimjibu upesi, umsubirishe kidogo." Wote wawili wakacheka.

Alishuka Muleba, akapanda pikipiki mpaka mwisho wa barabara, na kutoka pale ni mteremko wa kwenda mwaloni, njia nyembamba ndani ya migomba. Jua lilikuwa bado juu. Ziwa lilionekana chini vipande vipande katikati ya majani. Alianza kufikiri atakavyomjibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili masikio yake yalisahau kazi yao.

Ndipo akasikia kicheko. Kilikuwa nyuma yake, cha wanaume zaidi ya mmoja. Akakaza mwendo, na miguu ile ikakaza mwendo. Sauti moja ikaimba kitu kwa lugha asiyoijua, na nyingine zikaitikia kwa pamoja, zikicheka: "Chagulaga, mayu, chagulaga!"

Vestina hakugeuka. Sauti ya Kezia ilimwambia asigeuke, atembee tu. Lakini alikwisha kujifunza kwamba kutembea hakusaidii, akakimbia.

Aliacha njia akaingia migombani. Majani makavu yalimpiga usoni, mtaro wa maji ukamwangusha, akainuka, gauni limechanika mpaka pajani, akakimbia tena. Nyuma walikuwa wakiita, na hakusikia kwamba sasa wanaita jina lake. Mbele ikatokea nyumba, na ua uliofagiwa, na mwanamke wa makamo aliyekuwa akipogoa migomba yake, mundu mkononi.

Mwanamke yule hakuuliza swali. Alimshika Vestina mkono, akamweka nyuma yake, akainua mundu.

Wanaume wanne walitokeza wakihema. Watatu walikuwa wavuvi wa kisiwani, na mmoja wao, Shilogile, alikuwa bado na tabasamu usoni, limesahauliwa pale. Wa nne alikuwa Mhoja, shati jipya jeupe, na kijisanduku chekundu cha pete mkononi.

"Vestina, ni mimi," alisema. "Ni mchezo tu. Ni mchezo wa kwetu."

"Mchezo wenu una wachezaji wangapi?" mwanamke aliuliza. "Maana mimi naona mmoja hachezi."

Vestina alikuwa amekaa chini ukutani, ameshika magoti, meno yanagongana, macho yamemtazama Mhoja bila kumjua. Mhoja alipiga hatua moja mbele, na Vestina akapiga kelele ambayo kuku wa pale waliikimbia. Mhoja akarudi nyuma, na kijisanduku kikaanguka kwenye majani ya migomba.

Kwa siku nyingi Vestina hakupokea simu yake. Mhoja alikuja Kahororo. Ma Georgina alimkuta barazani, akampa kiti, hakumpa kahawa.

"Mtoto wangu halali," alimwambia. "Anaamka analia jina la mtu anayeitwa Kezia. Kwetu hatuna Kezia. Wewe unamjua?"

"Simjui, Ma."

"Basi hata wewe hujui kitu. Kaa hapo. Akitaka atakuja."

Alikaa mpaka mvua ikaja ikamkuta. Ndipo Vestina akatoka, akasimama kwenye kizingiti, mkono umeshika mlango.

"Sema ulichokuja kusema."

"Kwetu zamani vijana walimwandama msichana akitoka gulioni," Mhoja alisema. "Wanaimba chagulaga, wanamwambia achague. Akimshika mmoja mkono, wengine wanaondoka. Mama yangu alimchagua baba hivyo, na mpaka leo akisimulia anacheka. Mimi nilidhani una mtu India. Nikasema nitakuuliza kwa njia ya kwetu, ya furaha, mbele ya rafiki zangu. Uchague. Nilijua ningekuwa wa karibu zaidi. Sikujua..."

"Mama yako anacheka sasa," Vestina alisema. "Ulishawahi kumwuliza kama siku ile alicheka?"

Akafunga mlango. Mhoja akabaki na mvua.

Jumamosi iliyofuata simu ililia dukani, mchana, hakuna mteja. Vestina aliitazama ikilia, ikakatika, ikalia tena. Akapokea.

"Usikate," alisema Mhoja. Hakuwa na sauti ya utani. "Nimekwenda Magu. Nimemwuliza mama."

Vestina alikaa kwenye kigoda nyuma ya kabati la dawa.

"Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamwambia, mama, siku ile ya gulio ulicheka? Akaendelea kuchambua, nikadhani hakusikia. Halafu akasema, 'Mwanangu, walikuwa vijana wanane na mimi nilikuwa na ndoo ya karanga. Nilimshika mkono baba yako kwa sababu alikuwa amesimama upande wa njia ya kwetu. Nilitaka kufika nyumbani.' Basi. Akachukua mboga akaingia jikoni."

Vestina akaihamishia simu sikio la pili.

"Baba yangu alikuwa mtu mwema," Mhoja alisema. "Alikufa akiamini alichaguliwa. Na mimi nimeishi miaka thelathini na moja nikiitaja hadithi ile kama wimbo. Vestina, sikupigii uniambie umenisamehe. Nilitaka ujue kwamba niliuliza."

Mtu aliingia kutaka dawa ya kikohozi. Vestina alimhudumia, akampa maelezo ya vijiko, akarudi. Mhoja alikuwa bado yupo, anasikika anapumua.

"Kezia alikuwa rafiki yangu," Vestina akaanza.

Alimwambia yote. Habari ya mfuko wa stesheni na kile kicheko, habari ya upawa wa mama Lata, na jinsi yeye mwenyewe alivyokimbia akamwacha. Alimwambia kwamba anayepiga simu ni wakili, na kwamba kila anapoambiwa aende akawaonyeshe wale watu mahakamani, anasikia miguu yao kana kwamba bado wako nyuma yake. Mhoja hakumkatiza hata mara moja, na Vestina akamshukuru kwa hilo kuliko kwa neno lolote ambalo angeweza kusema.

"Yule mwanamke wa Muleba," alimalizia, "mwenye mundu. Hakunijua. Alinishika mkono tu akaniweka nyuma yake. Mama Lata naye hakunijua. Tangu siku ile ya migombani simfikirii mwingine. Mzee wa watu atasimama peke yake pale, wamwite kipofu, na mimi niko Bukoba nauza dawa ya kikohozi."

"Unataka kwenda?"

"Sitaki. Nitakwenda."

"Nije nawe?"

"Hapana. Unipeleke uwanja wa ndege. Kule nitakwenda mwenyewe."

Kabla ya safari Vestina alikwenda Izimbya akamweleza baba yake. Ta Rwegasira alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kofia magotini. Alipoinuka hakusema habari ya muhula wala shamba. Alisema, "Miaka yote hii ulikuwa peke yako, mwana wange," akatoka nje kwenye kahawa zake asionekane.

Asubuhi ya kuondoka, Mhoja alibeba begi, akatangulia. Walitembea hivyo kutoka kituoni mpaka getini, yeye mbele, Vestina nyuma, ziwa la kijivu upande mmoja. Wanaume wawili waliokaa kwenye pikipiki walicheka wakasema, tazama Msukuma, mke anatembea nyuma kama zamani. Mhoja hakugeuka.

Getini alilitua begi. Vestina alimtazama akasubiri aombe jibu, maana kijisanduku kilikuwa mfukoni mwake, umbo lake likionekana kwenye suruali. Hakuomba.

"Kunywa maji mengi," alimwambia tu. "Na usiongee ongee kwenye simu."

Kwa siku kadhaa simu haikuja. Mhoja alikaa mjini, hakuvuka kwenda kisiwani, dagaa wake wakauzwa na Shilogile kwa hasara. Ilipolia hatimaye, namba ilianza na tisini na moja, na alikuwa ameketi barazani kwa Ma Georgina.

"Nimewaona," Vestina alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka kama ya mtu aliyelima kutwa. "Mhoja, ni wafupi. Miaka yote hii nilikuwa nawaona warefu kama milango. Ni watu wafupi, mmoja amenyoa ndevu, anaumwa mafua."

"Uliwaonyesha?"

"Wawili. Niliwaonyesha kwa kidole. Wa tatu sikuwa na hakika. Nilimtazama, nikamtazama. Wakaniuliza, nikasema sina hakika. Sunanda anasema huyo watamwachia."

"Ulisema kweli."

"Nilisema kweli, na huenda ndiye aliyekuwa na kisu. Atatembea mtaani. Atatembea nyuma ya mtu." Mhoja alisikia watu wakipita karibu naye, na honi nyingi. "Mama Lata amefungiwa kibanda chake. Mwenye nyumba hataki watu wa kesi. Alinikumbatia mlangoni pa mahakama, akanipa bajia kwenye gazeti, akasema nimekonda. Nimekula zote, nikalia."

Mhoja alimpa Ma Georgina simu, naye akaongea kwa Kihaya muda mrefu, akirudia "waitu, waitu," kama anayembembeleza mtoto, mpaka salio likaisha upande wa kule.

Vestina alirudi mvua ikinyesha. Mhoja alisimama nje ya uzio wa uwanja wa ndege, mahali pa wazi, mbali na watu wengine, aonekane. Alikuwa na mwavuli ule wa rangi ya chungwa, chuma kimoja kimevunjika. Vestina alitoka na gauni la kijani lililoshonwa upya pajani, mshono ukionekana, na miguuni raba zilezile.

Walisalimiana kwa mkono. Wa Vestina ulikuwa baridi. Mhoja akachukua begi, akageuka, akatangulia, mkono wenye mwavuli ameunyoosha nyuma ili umfunike Vestina. Walikwenda hivyo, mvua inampiga Mhoja kichwani, na hatua za Vestina zikisikika nyuma yake juu ya maji.

"Mhoja," alisema baada ya muda.

"Naam."

"Bado nasikiliza miguu ya watu. Nilidhani nikishawaonyesha itakwisha. Haikwisha. Pengine nitasikiliza mpaka nizeeke."

"Sawa."

"Ukinioa utaoa na hilo. Utatembea mbele mpaka uzee, watu wakucheke. Na raba nitavaa hata siku ya harusi, mbele ya padre."

Mhoja alisimama, lakini hakugeuka. Maji yalimtiririka shingoni.

"Za kwangu nitanunua nyeusi," alisema. "Zitakwenda na suti."

Nyuma yake kikaja kile kicheko kifupi cha siku ya sokoni, kikakatikia njiani, kikawa kilio, na mkono wake ukashika shati la Mhoja mgongoni, ukalikunja ndani ya ngumi.

Watu watatu walikuja nyuma wakikimbia mvua. Vestina aliwasikia tangu mbali. Mkono ukakaza. Mhoja naye aliwasikia, akasubiri bila kusogea, mpaka wale watu, wasichana wa shule wamejifunika masweta vichwani, wakawapita wakipiga kelele na kuruka madimbwi.

"Twende," alisema Vestina. "Usiende haraka."

Mhoja akatangulia.